Katubuka Halichemshi

Lori alilokuwa akiendesha baba yangu halikuchemsha hata siku moja likiwa Katubuka, na hilo ndilo lililomponza.

Lingechemsha Katubuka, mafundi wangeliona. Wangeutazama mshale wa geji ukipanda, wangesikia mfuniko wa rejeta ukipiga mluzi, wangeshika spana na kazi ingeisha. Lakini lori likiwa limeegeshwa nje ya gereji, injini ikiunguruma saa nzima, mshale ulikaa katikati na haukutikisika. Ukilipeleka Ujiji na kurudi, mshale upo palepale. Ukilipeleka tupu hadi Kidahwe, palepale. Ilibidi ulifunge tela, ulipakie saruji iliyoshuka stesheni, kisha ulielekeze Manyovu. Mkishaipita Mwandiga, barabara ikaanza kuikabili milima ya Buhigwe, ndipo mshale ulipoanza kutembea.

Na waliokuwa wakiuona ukitembea ni watu wawili tu: baba na utingo wake.

Wakati huo nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane tangu nihitimu uhandisi wa mitambo Dar es Salaam. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi mpaka nikaacha kuyahesabu. Mtaani waliniita Injinia. Wengine waliita kwa heshima, wengine kwa sauti inayokuuliza mbona basi bado unachota maji kwenu. Jioni nilikaa kibarazani nikitazama bonde la Katubuka, kule ambako maji ya mvua hutuama yakakosa pa kutokea, nikisubiri lori lirudi. Nililijua kwa mlio kabla sijaliona.

Tajiri wa lile lori hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hadithi ingekuwa nyepesi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikuwa ametoa pesa mara nne. Fundi wa kwanza alibadilisha themostati, ile kilango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenda kwenye rejeta. Wa pili alibadilisha mfuniko wa rejeta, kisha wota pampu. Wa tatu alifungua hedi akaweka gasketi mpya, kazi ya siku nne, na mtu yeyote aliyewahi kulipia gasketi ya injini ya silinda 6 anajua uchungu wake. Kila fundi alipomaliza aliwasha injini, akaikodolea macho dakika arobaini, akafuta mikono na kusema imepona.

Siku tatu baadaye baba alipiga simu kutoka mlimani: limechemsha.

Ukibadilisha kila kitu na ugonjwa ukabaki, kinabaki kitu kimoja ambacho hujabadilisha. Tajiri akaanza kusema kwamba dereva anaua gari. Mzee anakanyaga mafuta ovyo, mzee hashushi gia kwa wakati, tazama hata moshi mweusi unaotoka akiwa mlimani. Miezi miwili mfululizo akamkata baba sehemu ya mshahara kufidia gasketi. Mwezi wa tatu akamwambia: safari moja zaidi. Likichemsha tena, shuka, acha ufunguo.

Baba alikuwa na miaka 26 kwenye usukani. Ada yangu ya chuo ilipitia mikononi mwake.

Sasa niseme langu. Wiki moja kabla ya hapo, baada ya chakula cha usiku, baba aliniuliza. Aliuliza kwa namna ya kupita, kama mtu anayeuliza saa ngapi. "Mama, nyie huko chuoni mnasemaje kuhusu gari linalochemsha mlimani tu?"

Nikafurahi kuulizwa. Nikamjibu kama niko mbele ya wasimamizi wa mtihani. Nikamwambia kwamba wota pampu na feni vinazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo dereva akichelewa kushusha gia, injini ikavutika kwa mzunguko mdogo, maji nayo yanazunguka polepole na feni inavuta hewa kidogo, huku mafuta yanayochomwa ni mengi. Joto linakosa pa kwenda. "Labda, Baba, unachelewa kidogo kushusha gia," nikasema.

Yote niliyosema kuhusu pampu na feni ni sahihi. Ukiyafungua vitabuni utayakuta. Baba alinitazama, akasema, "Labda, mama," akaenda kunawa mikono.

Mama yangu hakusema kitu. Alikusanya vyombo kwa kelele kuliko kawaida.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilichukua karatasi nikaanza kupiga hesabu, nadhani kwa lengo la kujithibitishia kwamba sikukosea. Lori, tela na mzigo: tani 40 hivi. Kwenye tambarare, kwa kilometa 60 kwa saa, injini inahitaji takriban kilowati 70 kushinda upepo na msuguano wa matairi. Sasa lipeleke kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 7, yaani kila meta 100 unapanda meta 7. Hapo unaziinua zile tani 40 kuelekea mbinguni. Hata ukishuka hadi kilometa 18 kwa saa, unahitaji kilowati 150. Nguvu imezidi maradufu.

Injini ya dizeli haigeuzi mafuta yote kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida, sehemu moja ya tatu au zaidi kidogo inakuwa kazi, nyingine inatoka na moshi, na inayobaki huingia kwenye maji na vyuma. Kwa hiyo nguvu ikizidi maradufu, joto linaloingia kwenye maji nalo linazidi hivyo hivyo. Lakini upepo unaoipiga rejeta kutokana na mwendo wa gari umeshuka hadi chini ya theluthi. Mlimani gari linazalisha joto jingi kuliko wakati wowote na linapata upepo kidogo kuliko wakati wowote. Kila kitu kinategemea feni na ile rejeta.

Nikaitazama karatasi. Kulikuwa na jambo ambalo halikunipitia akilini nikiwa mezani. Mafundi watatu walikuwa wamelipima lori likiwa limesimama, halibebi hata abiria, injini ikitoa nguvu ya kujizungusha tu. Rejeta ambayo imekufa kwa nusu ingefaulu mtihani huo bila shida. Hakuna aliyekuwa amelipima lori. Na mimi pia sikuwa nimelipima. Nilikuwa nimempima baba.

Asubuhi nikamwomba anichukue kwenye ile safari moja zaidi. Alifikiri kidogo. "Viatu vya kufunga," akasema. "Na usinifundishe kuendesha."

Nikaazima kipimajoto cha kulenga kwa jirani yetu, fundi wa mafriji, kile unachokielekeza kwenye kitu bila kukigusa na kinakusomea nyuzi. Nikachukua tochi. Kanga nilikuwa nayo tayari begani.

Tuliondoka alfajiri, kwa sababu baba alitaka tupande kabla ya jua. Utingo alikaa nyuma kwenye kitanda, kijana wa umri wangu, mwenye kovu linalong'aa kuanzia kiwiko hadi kiganja cha mkono wa kulia. Nilimuuliza lilipatikana wapi. "Mfuniko wa rejeta, dada," akasema. "Mwaka jana. Nilikuwa na haraka." Maji yaliyofungiwa kwenye rejeta yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka kwa sababu mfuniko unayabana. Siku ukiufungua, mbano unatoka, na maji yale yanageuka mvuke hapohapo, mbele ya uso wako. Kijana alikuwa ameukinga uso kwa mkono.

Tulipoipita Mwandiga kulikuwa kunaanza kupambazuka. Baba akainua mkono, akachomoa kitu kwenye kikinga jua na kunirushia mapajani. Daftari la shule, la kurasa 80, jalada limelowa jasho na grisi.

"Kwa kuwa umekuja," akasema.

Nikafungua. Kila safari ya miezi saba ilikuwa mle, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Tarehe. Mzigo. Saa ya kuanza mlima. Gia. Mshale ulipo. Mahali ulipoanza kupanda, kwa alama anazozijua yeye: mwembe mkubwa, kalvati la pili, kona ya makaburi. Hali ya hewa. Mwisho wa kila mstari, maneno mawili matatu. "Feni inalia mapema." "Feni inalia hata tambarare." "Moshi mweusi kona ya makaburi, gia ya 3." "Usiku nafuu." "Feni inalia sana, joto halishuki."

Nilisoma bila kuinua kichwa. Kule chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya kugusa kifaa chochote unakusanya takwimu. Takwimu zilikuwa kwenye kikinga jua. Aliyeziandika alikaa nami meza moja akaniuliza swali, nami sikumuuliza hata moja.

"Baba, hili daftari umewahi kumwonyesha tajiri?"

"Nilimpelekea. Akasema yeye anataka gari, hataki insha."

Hukuwa na haja ya digrii kuona kilichokuwa kinasemwa mle. Gia zilikuwa za chini na zilishushwa mapema. Habari ya kuchelewa gia ikafa pale pale. Halafu, mahali pa kuanzia kuchemsha palikuwa panashuka. Miezi saba nyuma mshale ulianza kupanda karibu na kileleni. Mwezi uliofuata, kwenye kona ya makaburi. Kisha kalvati la pili. Sasa mwembe, chini kabisa. Themostati ikifa, inakufa. Gasketi ikiungua, imeungua. Hiki kilikuwa kitu kinachozidi kidogo kidogo, wiki kwa wiki, kama kitu kinachojaa.

Na ile feni. Katika lori kama lile feni haijakazwa moja kwa moja kwenye injini. Ina klachi yenye mafuta mazito, ambayo hukaza pale tu hewa inayotoka kwenye rejeta inapokuwa ya moto. Ikikaza, unaisikia: inanguruma kama mvua ya mawe juu ya bati. Klachi ikifa, feni inanyamaza. Ya baba haikunyamaza, ilikuwa ikinguruma kupita kiasi. Ilikuwa inavuta kwa nguvu zote na joto halishuki.

Tulipofika kwenye mwembe, mshale ukaanza. Baba akaushusha mkono wake taratibu hadi kwenye gia, akashusha. Feni ikaanza kunguruma. Mshale ukaendelea. Hakunitazama, nami sikusema kitu.

Alipata mahali pana akasogea pembeni. Hakuzima injini. Akaiacha izunguke kwa kasi ya wastani ili maji yaendelee kutembea, maana ukizima ghafla joto la vyuma linabaki limeyakalia maji yaliyosimama. Utingo akaruka na mawe mawili, akatega nyuma ya matairi. Nikainama pembeni mwa tairi la mbele na kile kipimajoto.

Bomba la juu, linaloingiza maji kwenye rejeta: nyuzi 105. Bomba la chini, linaloyatoa: nyuzi 102. Nikapima tena. Yaleyale.

Hapo ndipo nilipoanza kutetemeka kidogo, si kwa hofu. Kama maji yangekuwa hayatembei, kwa sababu ya pampu, au themostati, au rejeta kuziba ndani, yangekaa muda mrefu ndani ya rejeta na kutoka yamepoa sana. Tofauti ingekuwa kubwa. Yetu ilikuwa nyuzi 3. Maji yalikuwa yanatembea vizuri. Yaliingia ya moto na kutoka ya moto kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyapokea joto. Tatizo halikuwa kwenye maji, lilikuwa kwenye hewa.

Utingo akafungua kifuniko cha mbele cha bodi, pale chini ya wiper. Mbele kabisa kuna intakula, inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, na nyuma yake, kwa upana wa vidole vitatu, kuna rejeta. Uso wa intakula ulikuwa safi. Mafundi waliuosha kila mara, waliniambia wenyewe. Nikavua kanga begani nikaitandaza juu yake. Feni ilikuwa inanguruma kiasi kwamba tunapigiana kelele. Kanga ilipaswa kunaswa na kubanwa pale kama imegundishwa.

Ikaanguka chini.

Nikaiokota nikaiweka tena. Pembe moja ya chini ikavutwa kidogo. Sehemu nyingine yote ikaning'inia kama iko kwenye kamba ya nguo siku isiyo na upepo. Baba alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu. Aliitazama ile kanga muda mrefu.

"Haivuti," akasema.

"Haivuti, Baba."

Tulisubiri mshale ushuke, tukazima, tukasubiri tena. Hakuna aliyegusa mfuniko. Kisha wakainamisha kichwa cha lori, nami nikamulika tochi kwenye ile nafasi ya vidole vitatu. Sikuona rejeta. Niliona kitu cha kijivu, kinene kama blanketi la hospitali: vumbi, mbegu za nyasi, mabawa ya nondo, vyote vimeshikamanishwa na oili. Karibu robo tatu ya uso wote. Kila fundi aliyeosha kutoka mbele alikuwa ameusukuma uchafu ndani zaidi.

Walilegeza bolti za juu za intakula wakaisogeza mbele kiasi cha mkono kupita. Utingo alileta maji ya kijito kwa madumu, tukachanganya sabuni ya unga, tukaloweka, tukakwangua kwa brashi na vidole, tukamwagia maji kutokea upande wa feni ili uchafu utoke ulikoingilia. Baba alifanya kazi bila kusema. Wakati fulani alinyanyua kipande kikubwa cha lile blanketi, akakishika kwenye kiganja, akakizungusha juani. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilifikiri atasema kitu kuhusu tajiri, au kuhusu zile pesa. Akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo.

Ilichukua saa tatu hivi. Tulipoondoka, mshale ulipanda kidogo kwenye kona ya makaburi, ukasimama chini ya nyekundu, ukakaa hapo. Utingo aliimba. Tulishusha mzigo Manyovu mchana ule ule.

Lakini oili ilitoka wapi? Swali hilo tulilijibu Katubuka, siku mbili baadaye. Tulitoa intakula, tukaziba tundu moja, tukaisukumia hewa ya kompresa kwenye tundu jingine na kuipaka povu la sabuni. Kwenye kona ya juu, nyuma, mapovu yakaanza kuchomoza. Ufa mdogo kama ukucha. Turbo huwa inapitisha ukungu kidogo wa oili, na mlimani, inaposukuma hewa kwa nguvu, ukungu ule ulikuwa unatoka kwenye ufa na kuipaka rejeta iliyo nyuma. Vumbi likapata gundi. Na kwa kuwa hewa ilikuwa inavuja, dizeli haikuungua vizuri: ndio ule moshi mweusi alioshitakiwa nao baba. Injini ikiwa imesimama gereji turbo haisukumi kitu, hivyo ufa hauvuji na moshi hautoki. Ulipaswa kupanda mlima na mzigo ili uuone.

Fundi wa kuchomelea aluminiamu alimaliza kwa nusu siku. Gharama yake haikufikia hata robo ya gasketi.

Baba alimpelekea tajiri ule mfuko wa nailoni. Akauweka mezani na kueleza kwa kifupi. Tajiri akaufungua, akatazama, akasema, "Kumbe." Baba akabaki na ufunguo. Pesa zilizokatwa hazikurudi, na hakuna aliyezitaja, si yeye wala baba. Mimi nilitaka zitajwe. Nilisema hivyo nyumbani, kwa sauti. Mama akaniambia, "Na wewe ulisema gia." Nikanyamaza.

Sikuwahi kumwomba baba radhi kwa maneno. Nilijaribu mara mbili, nikaishia kuuliza mambo ya injini. Ila tangu siku ile nikiambiwa na mtu kwamba kitu fulani kinamlemea, nami nikimtazama na kumwona mzima, nakumbuka kwamba namtazama akiwa amesimama.

Mwezi uliofuata nilikwenda naye tena Manyovu. Tani zilezile, jua la saa nane mchana. Tulipita mwembe, kalvati, makaburi. Mshale ulikaa katikati. Kanga yangu, tuliposimama kujaribu, ilinaswa mpaka nikaogopa itachanika. Juu kileleni akanipa daftari niandike mimi. Nikaandika tarehe, mzigo, saa, na "mshale katikati njia nzima", nikamrudishia.

Alisoma huku ameshika usukani kwa mkono mmoja.

"Hujaandika gia," akasema.